Soli ya Kushoto

6 Januari

Kaka Gundi,

Shikamoo, na kiti chako nacho nakipa shikamoo, maana mmekaa pamoja miaka mingi mpaka kimekuwa ndugu yetu wa tatu. Sikuulizi uko wapi. Uko dukani, nyundo mkononi, vimisumari vimejaa mdomoni, na wifi anakuita ukale kwa mara ya tatu. Mpe salamu zangu. Mwambie kile kitambaa alichonifungia mikate ya safari nimekifua, na sasa ndicho kinachofuta vioo vya gari.

Mimi Breki wako ni mzima. Ulisema kigari changu kitazimika kabla ya kona ya kwanza. Basi kimeshanipitisha miji mitatu ya pwani, na bado kinakunywa mafuta kwa adabu kama mgeni. Barabara inafuata bahari muda wote. Inapanda kidogo, inashuka, inajificha nyuma ya kilima, halafu unakata kona na maji hayo hapo, yamekujaa machoni. Kila mara nasema "Haa!" kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu.

Nimejiwekea sheria moja. Nikiingia mjini sitafuti chumba wala chakula. Naegesha gari, nashuka, naitembea njia ya ufukweni mwanzo hadi mwisho, kisha narudi. Ndipo nauliza mengine. Mji wa kwanza njia ni ndefu, ina ukuta mfupi mweupe ambao watu wazima hukaa wakining'iniza miguu kama watoto. Wa pili njia ni fupi mno, dakika kumi umeimaliza, kwa hiyo watu huizunguka mara sita na kusalimiana kila wanapopishana. Kufikia mzunguko wa nne nilikuwa najua nani kamnunia nani. Huu wa tatu ndio kichekesho. Mabenchi yote yameelekezwa barabarani, yameipa bahari mgongo. Fundi alikosea, wazee wa mji wakataka kuyageuza, wananchi wakakataa. Wanasema bahari haiendi popote, bora kutazama wapita njia.

Hapa pia nimegombana na mtu. Fundi saa mmoja, wa zile saa kubwa za mji zinazosimama juu ya nguzo ufukweni, aliegesha gari lake na ngazi yake likala nafasi mbili. Nikamwita. Hakusikia. Nikagonga ngazi mpaka akashuka. Nikamwambia, kwa sauti ileile ninayowafundishia wanafunzi wangu wa udereva, "Ingia, washa, rudi nyuma, kata kushoto, nyoosha." Akafanya bila kubisha neno hata moja. Alipomaliza akaniuliza, "Nimefaulu?" Nikamwambia arudie wiki ijayo.

Tangu tumzike mume wangu, kaka, miaka minne sasa, sikuwahi kutembea mahali nisipokuwa na shughuli. Nimesahau kumbe miguu nayo ina furaha yake. Viatu vya kahawia ulivyonishonea vimeshaanza kulalamika, nakutumia kwenye kifurushi hiki uvitie soli mpya. Nitavaa vya buluu. Usinipigie simu, unajua husikii kitu, tunaishia kupigiana kelele mbele ya wateja wako. Andika.

Mdogo wako,
Breki


19 Januari

Breki,

Marahaba. Kiti kimeitikia pia, kimelia kwi. Huku sote tu wazima, ila paka wa jirani kaingia dukani kalalia ngozi mpya, na sasa kuna mteja atakayevaa viatu vyenye manyoya. Wifi yako anakusalimu sana. Barua yako kaisoma mara mbili, na mara zote mbili amecheka alipofika kwa yule fundi saa. Nimemuuliza kinachochekesha ni nini, anasema, "Hapo pa kuegesha." Mimi sikuona cha kuchekesha. Kula nafasi mbili ni utovu wa adabu.

Viatu vimefika, na nimevisoma kabla sijavigusa, kama kawaida yangu. Mteja anaweza kunidanganya, soli haijui kudanganya. Vya kahawia vimelika sawasawa, kushoto na kulia, mbele zaidi kuliko nyuma. Maana yake ulikuwa unatembea haraka, kichwa kimenyanyuka, huna pa kuwahi. Nilifurahi, nakwambia kweli. Ulipoondoka hapa visigino vyako vilikuwa vinalika nyuma tu, kama vya mtu anayevutwa. Nimekutilia soli ya raba ngumu. Hiyo itakufikisha mbali, na kukurudisha.

Sasa la kurudi. Kile chumba cha nyuma nimekitoa ngozi zote na makopo ya gundi, na nimekitoboa dirisha. Nyumba yako ile peke yako ni kubwa, na mimi na wifi yako tumeshasema neno letu: ukirudi mwishoni mwa Februari unahamia huku. Fundi rangi anauliza rangi gani. Mimi nilisema maziwa, wifi yako akasema nisikuchagulie. Basi nijibu haraka, fundi huyu akikaa bila kazi anahama mji.

Ni mimi kaka yako,
Gundi


15 Februari

Kaka Gundi,

Shikamoo. Hamjambo huko? Samahani, nimechelewa kujibu. Barua yako iliingia mji wa tatu nikiwa nimeshatoka, ikanifuata wa nne, nikawa wa tano. Pole kwa ngozi, na umpe pole paka. Viatu vya kahawia vimenifikia na vinatembea vizuri sana. Sasa nakutumia vya buluu, navyo vimechoka.

Kaka, mji huu wa tano! Njia yake ya ufukweni imepinda kama ndoano, kiasi kwamba ukiwa mwisho unawaona watu walioko mwanzo wakikupungia mkono ng'ambo ya maji. Asubuhi wanapita wanaokimbia, wamekunja sura kama wanafukuzwa na mahakama. Saa nne wanatoka wenye mbwa. Alasiri wanakuja kina mama watatu wanaotembea kinyumenyume kwa sababu daktari mmoja aliwaambia ni dawa ya magoti, na watu wote wanawapisha kwa heshima. Jua likipoa, njia inajaa. Hapo ndipo utaona mavazi. Mtu amekaa nyumbani kutwa na kanga kuukuu, saa kumi na moja anatoka amepigwa pasi hadi kope.

Kwenye kibanda cha aiskrimu nilinunua mbili, tukakaa ukutani, nikamaliza yangu kabla haijanidondokea. Namaanisha nilikaa. Mbili nilinunua kwa sababu moja iliyeyuka.

Nafikiri nitaongeza siku. Miji bado ipo, na saa za hapa hazikimbii sana. Gari zima, mimi mzima, nalala vizuri, nacheka bila sababu.

Wifi mwambie nimepata vifungo vya kombe alivyotaka.

Mdogo wako,
Breki


27 Februari

Breki,

Marahaba. Siandiki habari za nyumbani leo, za nyumbani ni njema, tuziache.

Una nini mguuni?

Nimevisoma vya buluu. Nimevisoma juani, nikavisoma kwenye taa, nikavipanga mezani wifi yako akaondoa sahani. Soli ya kushoto imelika upande wa nje, kuanzia kisigino hadi kidole kidogo. Ya kulia nzima kabisa. Na mbele hakujalika tena, umekuwa unatembea polepole. Mtu wa mwendo wa haraka hawi wa mwendo wa pole kwa mwezi mmoja bila jambo. Unaegemea kushoto, mdogo wangu. Kuna kitu unakipunguzia uzito.

Nitakwambia ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mama alianza hivihivi. Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kazi, akaniletea kiatu chake nikigonge msumari, nikaona kisigino cha kushoto kimelika nje. Nikaona, nikagonga, nikanyamaza. Nani mimi hata nimwambie mama yangu anavyotembea? Miaka miwili baadaye nyonga ilimlaza, na hakuinuka tena. Kila nikishika kiatu kilicholika hivyo, nakiona kile.

Kwa hiyo sinyamazi. Nimezungumza na daktari wa mifupa, yule mteja wangu mwenye mguu mkubwa. Kasema uje upigwe picha, na mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Acha hiyo miji, haihami. Chumba kimeshapakwa rangi, nimechagua maziwa.

Viatu nimevirekebisha kidogo. Vivae hivihivi, usivibadilishe.

Gundi


20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nyumbani salama? Mimi sijambo. Sina kitu mguuni, wala nyonga, wala popote. Njia za huku zimeinama kuelekea baharini ili maji ya mvua yatoke, basi soli inalika upande mmoja. Ndiyo hivyo tu. Umenitia huzuni kwa habari ya mama. Hukukosea, kaka. Ulikuwa mtoto.

Nipo mji wa saba. Njia ni nzuri, mawe yake yamepangwa kwa rangi mbili. Hali ya hewa ni nzuri pia. Watu si wengi.

Viatu vya buluu navivaa kila siku kama ulivyosema. Sijui ni uchovu au nini, siku hizi natembea kama nimevurugika, najikuta naenda upande nisioutaka. Mambo mengine nayo hayajakaa sawa. Si ya kuandika.

Nikimaliza mji wa nane nitageuza gari.

Wasalimu,
Breki


2 Aprili

Breki,

Marahaba. Wifi yako kasoma barua yako akasema, "Huyu analia." Nikamwambia haijaandikwa machozi. Akaniambia, "Ulizoea kusoma viatu, barua huzijui."

Lakini kusema njia imeinama, hapo umemkosea heshima fundi viatu. Sikiliza. Sheria yako mwenyewe ni kwenda hadi mwisho kisha kurudi. Ukienda, bahari iko mkono mmoja. Ukirudi, iko mkono wa pili. Njia ikila kushoto wakati wa kwenda, italipa kwa kula kulia wakati wa kurudi. Zote mbili zingelika. Au siku hizi unakwenda tu hurudi? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye meza yangu.

Na kwenda upande usioutaka ni dawa inafanya kazi. Nilikutilia kabari ndani ya soli ya kushoto, upande wa nje, unene wa sarafu mbili, ili ikusukume urudi kulia na mguu mbovu upumzike. Sikukwambia kwa sababu ungeitoa. Ivumilie. Kama hufiki nyumbani mwisho wa mwezi nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Wifi yako kacheka tena hapo. Anasema mimi sijavuka mtaa wa pili tangu mwaka wa mafuriko. Na acheke. Nitakuja.

Gundi


24 Aprili

Kaka yangu, Gundi wa magundi,

Shikamoo mara tano. Kaa chini. Najua umekaa. Basi kaa vizuri.

Barua yako niliisoma kwenye benchi, mji wa nane, saa tatu asubuhi. Nilipofika kwenye kabari nilipiga ukelele mpaka mbwa wa mtu akakaa. Nikavua kiatu palepale, nikakopa kisu cha mwuza machungwa, nikaichokonoa hiyo kabari yako hadi ikatoka. Ninayo hapa. Nitaihifadhi maisha yangu yote, kwa sababu kipande hiki cha ngozi nusura kinikoseshe mume.

Sasa nakusimulia, na usinikatishe.

Yule fundi saa. Alirudi kurudia mtihani wake, kama nilivyomwambia, nami nilikuwa nimesema mzaha. Ana kazi ya kutengeneza saa za ufukweni miji yote minane, mmoja baada ya mwingine, njia ileile niliyoishika mimi. Tukaanza kutembea pamoja. Sikio lake la kushoto halisikii, limeharibiwa na kengele za saa, kwa hiyo lazima awe mkono wangu wa kushoto ndipo anisikie. Tukienda yuko kushoto, tukigeuka anazunguka nyuma yangu anakuwa kushoto tena, kila siku, bila kukosea. Na mimi kaka, baada ya siku kadhaa nikamshika mkono. Baada ya wiki nikawa naegemea. Hiyo ndiyo nyonga yangu. Hiyo ndiyo soli uliyoisoma juani.

Kisha vikaja viatu vyenye dawa yako. Nikawa kila nikimshika, mguu unanipeleka kulia. Namvuta, namwachia, najikuta niko kando ya ukuta na yeye yuko peke yake katikati ya njia. Siku ya kwanza alitabasamu. Siku ya tatu aliacha kunyoosha mkono. Yeye si mtu wa kuuliza, ni mtu wa kusikiliza saa. Mwisho akaniambia kwa upole, "Naona njia yangu imekuchosha," na asubuhi yake ngazi imefungwa juu ya gari, ameondoka kwenda mji wa nane. Na mimi nikadhani yeye ndiye aliyechoka. Nilikuja huku nyuma yake nikijiambia nakuja kutazama bahari tu. Siku tatu niliipita ile saa kwa ng'ambo ya barabara, yeye yuko juu, mimi natazama bahari. Halafu barua yako.

Nilikwenda chini ya nguzo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikamwita. Upande ule mbovu. Nikazunguka nguzo, nikamwita upande mzima: "Shuka! Kaka yangu ametia kabari!" Ilinichukua dakika kumi kumweleza na kiatu kwa ushahidi. Alikitazama, akakitia kidole, akakipima kwa jicho kama anavyopima meno ya saa. Kisha akacheka, kaka, alicheka mpaka akashikilia ngazi. Akasema, "Mtu anayekupenda hivi kwa milimita nne, nataka kumjua."

Kwa nini sikukwambia? Unajua. Marehemu mume wangu alikuwa rafiki yako kabla hajawa shemeji yako. Mlijifunza kazi kwenye benchi moja. Kalibu za mbao za kushonea viatu vyake bado ziko rafu ya juu, umezifuta vumbi kila Jumamosi miaka minne, mimi nimekuona. Na chumba umenitobolea dirisha. Ningeandikaje kwamba sitakilala? Kila nikishika kalamu nilikuwa nakanyaga breki.

Sasa nimeutoa mguu. Anataka tuoane, na mimi nataka. Nikikosa neno lako nitaolewa, kaka, lakini nitakuwa natembea na kabari moyoni. Sitakueleza ni mtu wa namna gani, maneno yangu huyaamini. Nimekuwekea viatu vyake ndani ya kifurushi. Amekubali, amebaki na malapa. Visome.

Mdogo wako,
Breki


30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na sikutaka kukukalia kimya mwezi mzima. Wifi yako ameninunia siku kumi na moja, anasema mwanamke amepeleka viatu vya mtu wake na fundi kavifunika gazeti. Kumbe alijua tangu Januari. Tangu "Nimefaulu?" Nimemuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Ungetia kabari mapema."

Nilivifunika kwa sababu niliogopa. Nilijua nikivitazama nitamjua, na nikishamjua sitakuwa na pa kujificha. Jumamosi ya kwanza nilishusha kalibu za marehemu kuzifuta, nikakaa nazo mapajani. Jumamosi ya pili vilevile. Nilimwambia maneno yangu. Nililia kidogo, mteja akaingia, nikasingizia gundi. Ya tatu nikafunua gazeti.

Haya, nakusomea.

Katikati ya soli zote mbili kuna mfereji unaokatisha. Huo ni wa vipago vya ngazi, miaka mingi. Mtu wa kazi. Kamba za viatu zimefungwa sawa kwa sawa, hakuna ndefu hakuna fupi. Kiatu cha kushoto kiliwahi kupasuka, akakishona mwenyewe, kwa uzi mbaya, sindano mbaya na mshono mbaya, lakini tundu kwa tundu hadi mwisho hakuruka hata moja. Ningekuwa na mwanafunzi mwenye subira hiyo ningemwachia duka.

Kisha nikaitazama soli ya kulia. Imelika upande wa nje. Nikaenda nikachukua daftari langu nilimochora soli za viatu vyako vya buluu, nikaviweka pamoja, soli yako ya kushoto na yake ya kulia. Breki, ni kiasi kilekile. Mlikuwa mnaegemeana sawasawa. Katika miaka yangu yote mezani hapa nimeona viatu vya waume na wake wengi, na karibu kila mara mmoja anaegemea na mwingine anabeba. Sijapata kuona jozi kama hii.

Nilimpima na kalibu za marehemu. Mguu wake ni mkubwa zaidi, hazimtoshi hata kwa kulazimisha. Nikafurahi hazimtoshi. Za rafiki yangu zibaki za rafiki yangu, zimerudi rafu ya juu. Kwa huyu nimechonga mpya kabisa, na jana nimemaliza kuzipiga msasa. Hilo ndilo neno langu. Mwambie shemeji viatu vyake vya harusi nitavileta mwenyewe, na asije akashona tena kitu chochote mbele yangu.

Chumba wifi yako kakipaka buluu juu ya maziwa yangu na katia kitanda cha watu wawili. Mtakuja mkitaka, mtaondoka mkitaka.

Kuna jambo moja. Nilipomaliza kusoma viatu vyenu niliinamisha kichwa nikavua vyangu. Nilivishona mwaka wa mafuriko. Breki, soli ni mpya. Hazijalika mbele, wala nyuma, wala upande. Zina alama moja tu, pale kisigino kinapogusa mguu wa kiti. Nimesoma miguu ya mji mzima, na mimi sijaandika hata mstari mmoja.

Nimefunga duka. Wifi yako amefungasha, kanga yake ya kutembelea saa kumi na moja imeshapigwa pasi. Tunapanda basi tarehe kumi na mbili Juni, tutafika mji wa nane kesho yake kabla ya jua kupoa. Nataka kutembea hiyo njia mwanzo hadi mwisho, na kurudi.

Mkono wako wa kushoto najua umeshikwa. Wa kulia una mtu?

Gundi


6 Juni

Kaka,

Shikamoo. Uko wazi. Mlete wifi naye, mkono wako wa kulia si unajua ni wa nani.

Njoo na nyundo ya kutilia soli mpya, zako hazitarudi nzima.

Breki